Kengele Kiunoni mwa Msomi

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa mjomba, kijijini Mtinko, kama mtu anayekwenda kuangalia mbuzi, na sikurudi. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimekunywa uji, nimefunga shuka langu, na nilipofika barabarani nikakuta lori limesimama, dereva anahangaika na turubai juu ya magunia ya uwele. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema mjini. Nikamsaidia kukaza kamba, nikapanda juu ya magunia. Ndivyo nilivyokuwa nikiondoka kila mahali miaka ile.

Shule niliiacha darasa la tano kwa namna hiyo hiyo. Ilikuja mashine ya kuchimba kisima karibu na kwetu, nikaenda kuitazama saa ya mapumziko. Nilitaka kujua maji yanajulikanaje kama yako huko chini. Nilikaa na mafundi mpaka maji yakapatikana, na mashine ilipohama nikahama nayo. Mwalimu aliniita mtoro. Mjomba aliniita mguu wa kuku, usiotulia. Sikumkasirikia hata mmoja, maana wote walikuwa na haki.

Mjini Singida nilikuta lori lingine linapakia mabomba na saruji mbele ya duka la Mhindi mmoja wa vifaa vya ujenzi. Nikapakia nao. Waliponiambia mzigo unakwenda kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Sepuka, nikasema na mimi ndiko niendako. Jioni gari likaharibika Sepuka. Nikalala kwenye varanda ya ghala, na kulipokucha nikaona dereva bado yuko chini ya gari, nikaanza kutembea.

Nilikuwa nimetembea kama saa moja nilipomwona mtu anakuja mbio kutoka mbele yangu. Kijana mrefu, bukta nyeupe, fulana, raba miguuni. Hakubeba kitu. Hakuswaga ng'ombe. Anakimbia tu, kichwa juu, mikono imekaa vizuri kifuani. Nyuma yake, mbali kidogo, vumbi, na ndani ya vumbi lile wanaume kama ishirini wenye fimbo, mikuki na pinde.

Kwa mtu asiyejua maeneo yale ya enzi zile, lazima nieleze. Mtu mzima hakimbii bure. Anayekimbia ama ng'ombe wameibwa, ama fisi ameingia zizini, ama kuna nyumba inaungua. Akionekana anakimbia, wa kwanza kumwona hupiga yowe, na yowe haliulizwi. Unatupa jembe, unachukua ulicho nacho, unafuata. Utauliza mbele ya safari.

Na mimi nilikulia humo humo. Basi sikumzuia yule kijana. Niligeuka nikakimbia naye bega kwa bega, nikamwuliza ng'ombe ni wa nani.

"Ng'ombe gani?" akasema.

"Kuna nini basi?"

"Hakuna kitu. Nafanya mazoezi."

Nilitazama nyuma. Nikamwambia asimame sasa hivi, na mikono aiweke mahali inapoonekana.

Alisimama. Walipotufikia walikuwa wameishiwa pumzi, na aliyekuwa mbele yao ni mzee mmoja mwenye koti la kijeshi, ambaye baadaye nilijua ndiye mwenyekiti wa kijiji. Aliuliza wezi wameelekea wapi. Yule kijana akaamkia, shikamoo mzee, akaeleza kwa adabu kwamba yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mmoja wa wale waliopiga mahema kijijini juzi kwa kazi ya kuchimba lambo la maji wakati wa likizo, na kwamba anakimbia kwa ajili ya afya na mashindano. Mwanamume mmoja alikuwa ametoka shambani na kiatu kimoja. Alikitazama kiatu chake, akamtazama msomi.

Mzee hakufoka. Alisema kwao anayewatoa watu bure huwanywesha maji, kila mtu kwa mkono wake, maji aliyoyateka mwenyewe. Tukarudi wote mpaka kisimani. Msomi akateka, akajaza kata, akapiga goti, akamnywesha mmoja mmoja, na kila aliyekunywa alimwambia neno. Mmoja alimwuliza kama huko chuoni wanafundishwa kumkimbia nani. Mwingine akamshauri akikosa kazi aje amchungie ndama wake. Walipobaki kama kumi nilisogea nikamshikia ndoo, kwa sababu nilitaka kuona itaishaje.

Iliisha vibaya. Mzee alikunywa wa mwisho, akarudisha kata, akatoa amri kwamba katika kijiji kile hakuna kukimbia tena bila sababu.

"Si kwamba nakuchukia, mjukuu wangu," alisema. "Leo wametoka ishirini. Kesho ukikimbia watatoka kumi. Keshokutwa watasema ni yule msomi. Siku wezi wakija kweli, nani atatoka?"

Msomi akainama, akaifunika kata juu ya ndoo. Niliona uso wake umekuwa kama wa mtu aliyepokea habari ya msiba, na hilo likanibakiza kijijini. Sikuelewa mtu mwenye kitanda, taa ya umeme na vitabu angehuzunika vipi kwa kukatazwa kutoka jasho.

Wale wanafunzi walikuwa kumi na wanane. Wakanikubali pale mahemani kwa kuwa nilijua kunoa majembe na kupika ugali wa uwele usio na madonge, maana wao walikuwa wanakula uji mzito na kuuita ugali. Tukachimba lambo pamoja. Mikono yao ilitoka malengelenge siku ya kwanza, ikapasuka siku ya pili. Yule mkimbiaji alichimba kuliko wote, hakusema na mtu, na jioni alikaa juu ya rundo la udongo akiitazama barabara.

Nikamfuata nikamwuliza. Ndipo aliponieleza. Mwaka uliopita walichaguliwa wakimbiaji wa kukiwakilisha chuo kwenye mashindano na wenzao wa nchi jirani, na yeye aliachwa kwa hatua mbili. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Mwalimu wa michezo angepita kwenye kambi zote za wanafunzi kabla likizo haijaisha, angempima kila mwenye kutaka kuchaguliwa kwa maili tatu. Zilibaki wiki sita. Asipokimbia wiki hizo, basi.

Nikamwambia hatua mbili si kitu, watu wamekosa makubwa zaidi. Akatabasamu kidogo. Alisema yeye ni mtoto wa mkulima, alifika chuoni na suruali moja. Wenzake wengi walitoka shule kubwa, Kiingereza kinawatoka kama maji. Miezi mitatu hakuwahi kufungua mdomo darasani. Jioni moja aliona watu wanazunguka uwanja, akaingia nyuma yao na viatu vyake vya kanisani. Mzunguko wa nne akawapita wote.

"Kesho yake nilinyosha mkono darasani," aliniambia. "Sikuwa nimejua zaidi ya jana yake. Nilikuwa nimejiona tu."

Nililala na maneno hayo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kunyosha mkono darasani isipokuwa kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Wazo la kengele lilinijia kesho yake, nikiwatazama ng'ombe wa mzee wakishuka kunywa maji. Ng'ombe kiongozi alikuwa na kengele nzito ya chuma shingoni, na hakuna mtu aliyeinua kichwa kumtazama, maana kila mtu aliijua sauti ile. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimwamkia, nikamwambia mtu anayekimbia kimya ndiye anayetisha. Anayekimbia na kengele amekwisha kusema mwenyewe kwamba hakuna jambo. Mwizi gani atavaa kengele?

Mzee alinitazama sana. Aliuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia kwetu, akasema lugha yangu ina lafudhi ya watu wa Mtinko, wenye maneno mengi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kengele nyingine, kuukuu, yenye ukanda wa ngozi. Ilikuwa ya fahali wake aliyekufa, na alivyoishika ilionekana si kitu cha kumpa kila mtu. Alitoa masharti mawili. Msomi asikimbie hata hatua moja bila kengele ile. Na asikimbie peke yake: mimi niwe naye, na likitokea la kutokea, nitajibu mimi.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo mpaka leo sijui jina lake.

Kila alfajiri, kengele ikiwa imefungwa kiunoni mwake kwa ukanda wa fahali, tulitoka mahemani, tukapita lambo, mashamba ya mtama, mpaka kwenye jiwe kubwa lililokaa kando ya barabara kama ng'ombe aliyelala, kisha tukarudi. Siku za kwanza kengele ilimwumiza. Ilimpiga nyonga, ikamchubua, na alikimbia amejipinda upande mmoja. Mimi nilikimbia na katambuga zangu za tairi, nikabaki nyuma, nikakutana naye akirudi kutoka jiweni. Watoto walitoka kumwita ng'ombe mwenye raba. Akina mama waliokuwa wanatwanga walimwuliza kwa sauti kama leo amekamuliwa. Yeye aliwaamkia wote kwa jinsi walivyostahili, bila kupunguza mwendo, na hilo walilipenda.

Wiki ya pili wakaacha kucheka. Wiki ya tatu niligundua kuwa watu wameanza kupanga asubuhi yao kwa kengele yetu. Mama mmoja alimwambia binti yake ateleke maji, msomi amekwisha pita. Siku moja tulichelewa kwa sababu ya mvua, na mwenyekiti mwenyewe akaja mahemani kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kati ya wanafunzi alikuwepo mmoja mwenye miwani, hodari wa kusema, ambaye aliipinga kengele na mbio vyote viwili. Alisema mwili wa mkulima haupewi mazoezi, unayapata kwenye jembe, na kuzunguka barabarani ni anasa ya watu wenye chakula cha kuchezea. Alilisema mbele ya mzee, akitumaini kuungwa mkono. Mzee alimwuliza swali moja tu: katika nyinyi kumi na wanane, nani anachimba sana? Wote wakatazama upande mmoja. Wiki iliyofuata nusu ya kambi ilikuwa nyuma ya kengele, wanafunzi wa kiume na wa kike, wakiimba mchakamchaka wa kutunga wenyewe, na wa mwisho kabisa alikuwa yule wa miwani, ameishika kwa mkono isianguke.

Nilijifunza mambo mengi kwenye mwendo ule, maana nilikuwa nauliza na yeye alikuwa anajibu akiwa na pumzi, na pumzi anazo siku zote. Alinieleza kwa nini moyo hudunda haraka na kwa nini wa mkimbiaji hupoa upesi. Alinieleza kwamba alichosoma usiku kilikuwa kama nguo zilizotupwa kitandani, na akikimbia asubuhi zinajikunja zenyewe. Alisema chuoni wanabishana siasa mpaka wanatukanana, kisha Jumamosi wale wale wanapasiana mpira, na nusu ya urafiki wao ungekufa kama si ule uwanja. Mimi nilimfundisha kukimbia mchangani bila kuzama, kwa ncha ya mguu, kama wachungaji wanavyofanya. Nilimfundisha pia kuteremka mteremko akiwa amelegea. Alikuwa anaandika hayo kwenye daftari. Nilipoliona daftari lile, lenye maneno yangu ndani, mimi wa darasa la tano, nilijivuna siku nzima na ugali ukaungua.

Na nikajifunza kuisikiliza kengele. Miguu ikiwa mizima, ililia pigo moja moja, sawasawa, kama mtu anayetwanga peke yake. Akichoka, ililia mara mbili mbili, kama watwangaji wawili wasiosikilizana. Ningeweza kukaa nimefumba macho nikakwambia amefika wapi na ana hali gani.

Mwalimu wa michezo alifika siku moja mchana kwa Landrova, mtu mfupi, mwenye shingo nene na saa ya kupimia mbio inayoning'inia kifuani. Alitazama lambo, akasifu, kisha akaitazama kengele na kuuliza ni ya nini. Alipoelezwa akasema kesho asubuhi iondoke. Hakuna mkimbiaji anayepimwa amebeba chuma cha ng'ombe. Gari lilikwisha pima barabara: maili moja na nusu mpaka jiweni, na nyingine kurudi.

Mzee alikubali, kwa siku hiyo moja, lakini kila nyumba iambiwe. Wa kuwaambia ni mimi. Nilitoka saa tisa, nikapita nyumba kwa nyumba, nikisema kesho msomi atapita bila kengele, msishtuke. Wote walinielewa. Kuelekea jioni nilirudi barabarani nikamkuta dereva wa Landrova amefungua boneti anaongeza maji kwenye rejeta. Sikuwa nimewahi kuona injini ya aina ile kwa karibu. Nikauliza hiki ni nini, na kile kinazungushwa na nini, na dereva naye alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Tulipofunga boneti jua lilikuwa limezama. Zilibaki nyumba tatu, ng'ambo ya jiwe kubwa, za wachungaji. Nikajiambia msomi anageukia jiweni, huko hafiki. Nikaenda kupika.

Sikufikiri kwamba yeye kutofika kwao si sawa na wao kutomwona.

Asubuhi walikuwepo watu wengi mahemani. Mzee alivaa koti lake, akasimama karibu na mwalimu kama mwenyeji anavyosimama na mgeni. Kengele niliishika mimi. Saa ikabonyezwa, msomi akaondoka, na nilivyomwona anavyokwenda bila ule uzito nilitaka kucheka kwa furaha. Alikuwa kama mtu aliyeshushwa mzigo wa wiki sita. Akatupotea kwenye mtama.

Kisha tukasikia yowe, kutoka ng'ambo ya jiwe.

Nilijua saa ile ile. Wachungaji wamemwona kijana anakuja mbio, kimya, anageuka ghafla kwenye jiwe lao, anarudi mbio alikotoka. Wangefikiri nini? Na yowe haliulizwi. Walioambiwa na wasioambiwa wote walitoka, kwa sababu msomi kukimbia bila kengele hakuzuii wezi kuja siku hiyo hiyo. Mzee aliyekuwa katikati ya maneno na mgeni wake aliliacha neno mdomoni, akanyakua mkuki uliokuwa umeegemezwa kwenye hema, akaingia barabarani. Mwalimu wa michezo alibaki ameshika saa peke yake.

Msomi alipotokea kwenye mtama nyuma yake kulikuwa na nusu ya kijiji. Sijapata kuona mtu anakimbia vile, na wala yeye hakuwa akikimbizwa. Baadaye aliniambia aligeuka mara moja tu, akaona wamemfuata, akadhani wamekuja kumpa moyo.

Alipita mstari. Mwalimu akabonyeza saa, akaitazama, akaitikisa kama imeharibika, akaitazama tena. Na watu wakafika wakiuliza ng'ombe ni wa nani.

Mzee aliponitazama sikungoja kuulizwa. Nilisema nyumba tatu sikuzifikia, nilikuwa naangalia injini. Hapakuwa na la kuongeza. Mwalimu naye alikuwa amekwisha amua: mbio zile hazihesabiki. Mtu mwenye mikuki nyuma yake hapimwi. Apumzike, kesho asubuhi arudie, halafu msafara uondoke, maana likizo inakwisha.

"Kesho atarudia," mzee akasema, "lakini kwa kengele. Leo watu wametoka bure mara ya pili. Ya tatu sitaweza kuwatoa."

Mwalimu alianza kubisha. Alipouona uso wa mzee akaacha. Akamgeukia msomi, akamwambia muda unaotakiwa ni ule ule, hataupunguza kwa ajili ya chuma. Msomi akasema ameelewa.

Hakunilaumu hata kwa jicho. Alitaka kunisaidia kuteka maji, maana watu sitini na zaidi walikuwa wanangoja kunyweshwa, nikamkatalia. Nilimwambia miguu yake ina kazi kesho, mikono yangu haina. Nilipiga magoti mbele ya kila mmoja mpaka magoti yakachubuka, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Mmoja aliuliza kama ile injini nimeiona vizuri au nahitaji kurudia. Yule mwanamume wa kiatu kimoja, safari hii akiwa amevaa vyote viwili, alinyanyua mguu anionyeshe. Nilicheka, nikaendelea kuteka. Wiki sita za mtu mwingine, na miaka yake yote pale chuoni, nilikuwa nimezifunga kiunoni mwake pamoja na kengele.

Kesho yake sikukaa mahemani. Niliomba niwekwe jiweni, niwe alama ya kugeukia. Nilikaa juu ya jiwe, baridi ikinipiga mgongoni, wachungaji wa zile nyumba tatu wamesimama pembeni wakijua sasa kila kitu. Sikuona alipoanza. Nilisikia.

Pigo moja moja. Sawasawa. Ikaja, ikakua, akatokea, jasho limemlowesha fulana, macho yako mbali. Alizunguka jiwe bila kunitazama na kengele ikakosa pigo moja tu pale kwenye kona. Ikarudi kwenye mwendo wake. Akateremka amelegea, kama nilivyomfundisha, akaingia mchangani kwa ncha za miguu. Nilifumba macho. Mashamba. Lambo. Nilingoja pigo la pili, lile la kuchoka, nikalingoja mpaka nikasikia uchungu wa kulingoja, na halikuja. Kengele ilififia ikiwa bado inatwanga peke yake, kisha ikanyamaza.

Nilipofika mahemani mwalimu alikuwa ameifungua kengele, anaipima uzito mkononi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akatia mfukoni. Msomi alimwuliza. Akajibu kuwa majina yatasomwa kambi zote za upande huu zikikutana Mkiwa, njiani kurudi.

Mzee hakuipokea kengele aliporudishiwa. Alisema fahali wake hakuwahi kwenda mbali na zizi, basi kengele iende. Tukapanda lori la chuo lililofika asubuhi ile, wanafunzi kumi na wanane na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza kama nasafiri. Watu walitusindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Walitembea, hawakukimbia.

Mkiwa sikuwa nimewahi kufika. Ni njia panda, malori yanasimama, watu wanauza mayai na karanga, barabara moja inarudi Singida na nyingine inakwenda Itigi, kwenye reli. Wanafunzi wa kambi nyingine walikuwa wamekwisha fika, wamekaa kwenye vivuli vya magari yao. Mwalimu alipanda juu ya bampa ya Landrova, akatoa karatasi yake na kusema waliochaguliwa wapande gari lake, wakaanze maandalizi kesho. Jina la kwanza lilikuwa la rafiki yangu.

Yule wa miwani alipiga kelele kuliko wote. Msomi hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho, akaja, akanivisha kengele mkononi kama mtu anayevisha mwenzake saa. Alisema kule chuoni hakuna anayeshtuka mtu akikimbia, haitakuwa na kazi. Alisema pia atakimbia akiisikia. Nilitaka kumwambia jambo kubwa, kwa kuwa maneno sikuwahi kukosa, nikaishia kumwambia asisahau mteremko. Akaingia garini.

Nilisimama barabarani mpaka vumbi la Landrova na la malori likalala. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Sikuwa na pa kwenda, lakini hilo halikuwa jipya. Lililokuwa jipya ni kwamba sikutaka kwenda. Nilitaka kukaa mahali nikaifikirie ile kengele ilivyolia.

Kando ya njia panda kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja wa makamo, mabenchi mawili na sufuria ya mlenda. Nilimwamkia, nikamwuliza kama ana mahali pa kulala mtu anayeweza kupasua kuni na kupika ugali usio na madonge. Aliniangalia kutoka katambuga mpaka kichwani. Kisha akaiona kengele.

"Na ng'ombe wako yuko wapi?" akauliza.

"Amechaguliwa na chuo kikuu," nikasema.

Alingoja nicheke ili naye acheke. Alipoona sicheki, akafuta mikono, akanipeleka nyuma, kwenye chumba cha kuwekea magunia, akanionyesha mkeka na dirisha dogo linalotazama barabara. Ukutani palikuwa na msumari. Nikaitundika kengele pale.

"Kaa basi unieleze," mama akasema, akavuta gunia moja akakalia.